Miaka Mia Kati ya Masika na Masika

Jina la nchi yetu silitaji, kwa sababu lilibadilishwa wiki mbili zilizopita na waraka wenye jina jipya haujatufikia huku bondeni. Inatosha kujua kwamba ni nchi ya amani, ina wimbo wa taifa wenye beti saba, na inaongozwa na watu wanaojua. Wanajua nini, hatujaambiwa, lakini wanajua.

Mojawapo ya mambo wanayoyajua ni mvua. Mvua yetu imo ndani ya kitabu kinachoitwa Jedwali Kuu, Jedwali Kuu limo ndani ya kabati la chuma, na kabati limo ndani ya Shirika la Bima la Umma, ghorofa ya nne. Liliandikwa miaka arobaini iliyopita na wataalamu watatu waliotega ndoo uani kwa Mkuu wa Wilaya, wakawa wanaiangalia kila Ijumaa, isipokuwa Ijumaa zenye mvua, maana mtu mwenye akili zake hatoki nje kwenye mvua. Kutokana na ndoo ile wakapata hesabu za nchi nzima, za wakati wote. Chini ya herufi B wakaandika: "Bonde la Kitopeni. Mafuriko makubwa: mara moja kila miaka mia."

Kitopeni ndiko tunakokaa. Kuna nyumba mia sita, shule moja, na tanuri la mikate la Siwatu Mkamba. Siwatu ni mama wa watoto wanne, mwenye mikono ya kukandia na mdomo usio na breki. Anaoka pamoja na wifi yake, Chausiku, na kabla jua halijachomoza bonde zima linanukia mkate. Sheria ya nchi yetu inasema moto wa biashara hauwashwi bila hati ya bima ukutani, na Siwatu alikuwa nayo, ndani ya fremu, juu ya picha ya marehemu mumewe.

Masika moja mto ulipanda, ukaingia tanurini, ukatoka na trei arobaini. Shirika lililipa. Lililipa kwa turubai, bendi ya polisi, ng'ombe wawili, na Mkurugenzi Mkuu mwenyewe, Daktari Lwanda Kisanji, mwanamume mrefu mwenye miwani ya aina mbili, ya kusomea na ya kutosomea.

"Wananchi wa Kitopeni," alisema, "nawapongeza. Mafuriko yenu ya karne mmeyapata, mmeyamaliza. Wenzenu wa mabonde mengine bado wanayasubiri. Ninyi sasa mna miaka tisini na tisa ya kustarehe!"

Tulipiga makofi. Chausiku aliuliza kutoka nyuma, "Na mvua imeambiwa?" lakini bendi ilikuwa imeshaanza kupiga.

Masika iliyofuata mto ukapanda tena. Safari hii Shirika halikulipa, ila lilieleza vizuri sana. Barua ilisema hayakuwa mafuriko mapya bali yale yale ya mwaka jana, yaliyorudi kuchukua kitu yalichosahau, na tukio moja halilipwi mara mbili. Siwatu akauza cherehani na vitanda viwili, akajenga tanuri upya. Watoto walilala chini kwenye mkeka, jambo ambalo halijawahi kumuua mtoto.

Masika ya tatu maji yalifika dirishani. Tanuri likapasuka tumboni. Mkaguzi wa moto akaja na viatu vya mpira, akatikisa kichwa, akabandika lakiri nyekundu kwenye mlango wa tanuri: moto ni marufuku mpaka hasara ishughulikiwe na hati mpya itolewe. Basi Siwatu alihitaji vitu viwili hapa duniani, fidia ya kujengea na hati ya kuwashia. Bila hivyo hakuna mkate, na bila mkate watoto wanne wanabaki kuwa midomo minne.

*

Alikwenda Shirikani na ndoo. Dirishani alikaa karani wa madai, Bwana Sekiete, mtumishi wa miaka kumi na tisa, shati lake limepigwa pasi mpaka linaweza kukata nyanya.

"Habari za kazi, kaka."

"Njema, dada, karibu. Ndoo ya nini hiyo?"

"Ushahidi."

Sekiete akachungulia. Ilikuwa na tope tupu, pamoja na kijisamaki kimoja kilichokuwa kimekata tamaa.

"Madai yako ni ya nini?"

"Mafuriko."

"Ya lini?"

"Jumanne."

Karani akapanda ghorofa ya nne, akafungua kabati la chuma, akasoma, akashuka. Alikuwa na huruma ya kweli usoni.

"Jumanne hakukuwa na mafuriko, dada. Kitopeni ilipata ya kwake mwaka juzi. Yanayofuata ni baada ya miaka tisini na nane."

"Kaka, hili tope ni la Jumanne."

"Tope nimeliona, na nalikubali. Lakini tope si mafuriko. Tope ni udongo wenye maji."

"Na maji yametoka wapi?"

"Hilo waulize Idara ya Maji, ghorofa ya chini. Ila wamehama. Ofisi yao imejaa maji."

Siwatu akaisukuma ndoo karibu na dirisha. "Hivi wewe umewahi kufika Kitopeni?"

"Sijafika. Lakini naifahamu sana. Ipo ukurasa wa kumi na mbili."

"Basi hiyo ndoo nakuachia," Siwatu akasema. "Samaki mlishe."

*

Ndoo ilipanda ngazi mpaka mezani kwa Mkurugenzi Mkuu, na ilimkuta na matatizo mengine. Kampuni za nje, zile zinazoikatia bima bima yenyewe, zilikuwa zimemwandikia barua. Zina mashine zinazopima joto la bahari, unene wa mawingu na miti iliyobaki, na mashine zimesema hewa imepata joto, mvua imebadilika tabia, na mtu anayetabiri mvua ya kesho kwa ndoo ya zamani ni sawa na anayemshonea mtoto sare kwa kipimo cha mwaka aliozaliwa. Rekebisheni Jedwali lenu, barua ilisema, au sisi tunajitoa.

Kamati Maalumu ikakutana kwa siku kumi katika hoteli iliyoko mlimani, mahali pakavu, ili wajumbe wafikirie maji kwa utulivu. Siku tisa walijadili ajenda. Siku ya kumi Daktari Kisanji akasimama.

"Waheshimiwa, Jedwali Kuu lilizinduliwa na Rais wa Kwanza kwa mkono wake mwenyewe. Haliwezi kukosea. Mvua ni ya Mwenyezi Mungu, nayo haiwezi kukosea. Sasa, kama Jedwali linasema miaka mia, na mvua imekuja mara tatu, kilichokosea ni nini?"

Wajumbe waliacha kutafuna sambusa.

"Ni mwaka!" akasema Daktari. "Kati ya mafuriko na mafuriko hupita miaka mia. Kwa hiyo kati ya yale ya kwanza na haya ya tatu imepita miaka mia mbili. Sisi tumehesabu miwili tu. Tumezembea, waheshimiwa. Tumepitiwa na miaka mia moja tisini na nane bila kuiona."

"Na haya mabadiliko ya tabianchi wanayoyasema wenzetu wa nje?" mjumbe mmoja akauliza.

"Hayo ni ya kwao. Hapa kwetu kuna mabadiliko ya tarehe."

Wakapitisha kwa kauli moja, wakapiga picha ya pamoja. Ijumaa ile ile Gazeti la Serikali likatangaza kwamba mwaka umesogezwa mbele mahali unapostahili kuwa.

*

Niseme ukweli, wiki ya kwanza ilikuwa na raha yake. Mwanangu wa darasa la tatu alilala ana miaka tisa akaamka ana mia mbili na saba, na bado hawezi kutandika kitanda. Wafungwa wote walikuwa wamemaliza vifungo, wakaenda kwa bwana jela kudai nauli. Wenye nyumba wakadai kodi ya karne mbili, wapangaji wakajibu kwamba waliodaiwa wameshafariki. Maziwa ya pakiti yalikuwa yameharibika kabla hayajakamuliwa. Na watumishi wote wa serikali, kuanzia mawaziri, walikuwa wamepita umri wa kustaafu mara nne.

Hilo la mwisho lilishughulikiwa haraka. Siku ya Jumatatu ukatoka waraka: umri haukusogea. Jumanne mwingine: vifungo havikusogea, wafungwa warudi kwa hiari yao. Jumatano mwingine, kuhusu maziwa. Kufikia Ijumaa ilieleweka kwamba miaka mia moja tisini na nane imepita kweli, lakini imepita kwenye bima tu.

Siwatu akapata barua yake. Chausiku aliisoma kwa sauti, kwa sababu Siwatu alikuwa na hasira na herufi zilikuwa zinamkimbia.

"'Ndugu mteja. Shirika linakiri kwamba Jumanne kulikuwa na mafuriko, nayo yalifika kwa wakati wake.' Haya, afadhali! 'Hata hivyo, hati yako ya mwaka mmoja ilikwisha muda wake miaka mia moja tisini na saba kabla ya tukio. Kwa moyo wa huruma, Shirika halitakudai ada za kipindi hicho. Tunakutakia karne njema.'"

"Soma tena hapo mwisho."

"'Tunakutakia karne njema.'"

"Wifi," Siwatu akasema polepole, "hawa watu sigombani nao tena. Nitakwenda kuwa mteja mzuri."

"Mungu wangu," akasema Chausiku, ambaye alimfahamu.

*

Mwezi wa sita Shirika lilizindua kampeni ya "Miaka Mia ya Raha." Hoja yake ilikuwa nyepesi na tamu: mafuriko ya karne yameshapita, yajayo ni baada ya miaka mia, kwa hiyo Kitopeni sasa ndipo mahali salama kuliko pote nchini. Ada ikashushwa mpaka ikalingana na bei ya kuku. Gari lilipita mitaani na vipaza sauti. Siwatu akaoga, akavaa gauni la harusi za watu, akaenda dirishani kwa Sekiete.

"Shikamoo, Shirika!"

Karani alishangaa, lakini alikuwa amelelewa vizuri. "Marahaba, dada. Umekuja kwa amani?"

"Kwa amani na kwa kuku wangu. Nipe hati ya mafuriko."

Akaandikiwa hati, ikapigwa muhuri. Siwatu hakuondoka.

"Nataka kuongeza kiambatisho. Nyinyi si mnakatia bima kitu chochote?"

"Chochote kile, mradi kipo kwenye Jedwali."

"Nikatie bima ya mwaka kusogezwa."

Sekiete alinyanyuka, akapanda, akakaa huko nusu saa, akarudi na vumbi kwenye shati.

"Nimeipata, herufi K. 'Kalenda, kusogezwa kwa. Halijatokea tangu kumbukumbu zianze.'"

"Lilitokea mwezi wa tano."

"Hapana, dada. Mwezi wa tano hakuna kilichosogezwa. Wakati ulipita kwa kawaida, sisi ndio tulichelewa kuutambua. Waraka upo."

"Kwa hiyo hatari yake ni ndogo?"

"Si ndogo. Haipo kabisa."

"Basi ada yake isiwe kubwa. Andika hivi, kaka: mwaka ukisogezwa mbele kwa sababu yoyote, Shirika litampa mwenye hati gunia moja la unga wa ngano kwa kila mwaka uliosogezwa."

Sekiete alipiga simu ghorofa ya tano. Daktari Kisanji alicheka mpaka miwani ya kutosomea ikaanguka. Shirika kuuza kinga ya kitu kisichoweza kutokea! Hiyo ndiyo biashara safi aliyoiota tangu chuoni. Akaagiza ada iwe bei ya mikate miwili, na kiambatisho kiuzwe kwa yeyote anayekitaka. Kufikia mwisho wa wiki kila nyumba ya Kitopeni ilikuwa nacho, nyumba mia sita, na Daktari alitunukiwa nishani ya ubunifu, daraja la pili. Daraja la kwanza limehifadhiwa kwa wafu.

Mkaguzi wa moto akaja akabandua lakiri. Siwatu akaziba ufa wa tanuri kwa udongo na majivu, akawasha. Kwa ule ufa mikate iliiva upande mmoja. Tuliila upande huo.

*

Mwezi wa kumi na moja, ambao hata si wa masika, mvua ilinyesha siku nne mfululizo. Mto ulipanda, ukapita dirisha, ukalichukua paa la shule likiwa zima, na tanuri la Siwatu likaanguka kwa mlio kama wa mtu anayekaa chini baada ya safari ndefu. Watu wote tulikuwa tumeshapanda kwenye mteremko wa kaskazini pamoja na mbuzi na magodoro. Tulikaa pale tumelowa chapachapa, kila mama na hati yake ndani ya mfuko wa plastiki, ndani ya kifua.

Hotelini mlimani Kamati Maalumu iliitwa haraka. Kiwanda cha kuchapa kalenda kilikuwa tayari, wino umeshatiwa. Daktari Kisanji alikuwa ameinua kalamu atie saini miaka mia nyingine, ndipo Sekiete, aliyekuwepo kuandika muhtasari, alipokohoa.

"Mheshimiwa, kuna viambatisho."

"Viambatisho gani?"

"Vya unga. Miaka mia, nyumba mia sita. Ni magunia elfu sitini. Nimeuliza bandarini. Nchi nzima ina magunia elfu tisa, na elfu moja kati ya hayo yana wadudu."

Kalamu ikarudi mezani taratibu.

"Nani aliidhinisha kitu hicho?"

"Nishani iko kifuani kwako, mheshimiwa."

Mwaka ukisogezwa, unga. Mwaka usiposogezwa, fidia ya mafuriko kwa nyumba mia sita, na hati zote zingali hai. Mjumbe mmoja akapendekeza mwaka urudishwe nyuma. Wakahesabu, wakakuta kwamba ukirudishwa nyuma wanadaiwa pia yale mafuriko ya tatu. Njia ikabaki moja tu: mafuriko yasiwepo. Na kwa kanuni za Shirika, hasara kubwa inahesabika imetokea pale tu afisa wa ngazi ya juu anapoitamka akiwa kwenye eneo la tukio.

"Nitakwenda mwenyewe," Daktari akasema, "na sitatamka."

Alifika mchana, gari jeupe la Shirika, dereva, Sekiete kiti cha nyuma na muhuri mapajani. Waliegesha pale barabara inapoingia majini. Daktari na Sekiete wakashuka, Daktari akavaa miwani ya kutosomea, akalitazama bonde. Yalionekana mapaa, na juu ya paa moja jogoo aliyekuwa akiendelea na kazi.

"Naona unyevu," akasema kwa sauti. "Karani, andika. Unyevu wa kiwango cha juu."

Siwatu alishuka mteremkoni na sketi imefungwa kiunoni, Chausiku nyuma yake, na nyuma ya Chausiku akina mama wote wa Kitopeni.

"Karibu, baba. Pole na safari. Unaonaje bonde letu?"

"Limepata unyevu, mama."

"Unyevu umefika wapi, kwa makadirio yako?"

"Ni unyevu wa kawaida wa msimu."

"Tanuri langu liko mita tatu chini ya huo unyevu."

"Limelowa. Litakauka."

"Baba," akasema Chausiku kwa upole, "gari lako nalo linapata unyevu."

Daktari hakugeuka, kwa sababu mkubwa hageuzwi na maneno ya watu wa bondeni. Dereva alikuwa ameshuka kununua mahindi ya kuchoma kwa kijana mmoja wetu, maana biashara haikufa. Maji yakalinyanyua gari taratibu, kwa heshima, kama linavyonyanyuliwa jeneza la mtu mkubwa. Likazunguka mara moja. Taa zikajiwasha. Likaanza safari ya kwenda chini, na ndani yake, katika mkoba wa ngozi, ilikuwamo miwani ya kusomea.

Hapo akageuka.

"Mafuriko!" akapiga kelele Daktari Kisanji, na sauti yake ikavuka bonde ikarudi. "Jamani, mafuriko! Gari langu! Mafuriko!"

Akina mama walimtazama Sekiete. Sekiete alikuwa amesimama majini mpaka magotini, shati limelowa, limelegea kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa. Alimtazama mkubwa wake, akautazama muhuri, akamtazama Siwatu. Nafikiri alikuwa anafikiria pensheni. Kisha akafungua daftari juu ya mgongo wa Chausiku, ambaye aliinama bila kuambiwa, akaandika saa, mahali na neno, akapiga muhuri.

"Mara tatu," Siwatu akamkumbusha. "Amelitamka mara tatu."

"Moja inatosha, dada," Sekiete akasema. "Lakini nitaandika zote."

*

Shirika likalipa. Daktari Kisanji alipandishwa cheo kwa ujasiri wa kwenda eneo la tukio. Sasa ni balozi wetu katika nchi ya jangwa, na taarifa zake za mvua zinasifiwa kwa usahihi.

Baada ya hapo wakubwa walikasirika, na wakubwa wakikasirika hupatwa na ukweli kama mtu anayepatwa na mafua. Jedwali Kuu likapelekwa makumbusho. Likaletwa Jedwali Jipya kutoka kwa wale wenye mashine, na chini ya herufi B likasema bila kupepesa: "Bonde la Kitopeni. Mafuriko: kila mwaka. Halikatiwi bima."

Kwa hiyo miaka yote tuliyodanganywa tulikuwa na bima isiyolipa, na siku tulipoambiwa ukweli hatukuwa na bima kabisa. Siwezi kusema ipi ilikuwa afadhali. Wapo walioinua nyumba zao juu ya nguzo. Wapo waliobaki kama walivyokuwa, kwa sababu mashamba yapo bondeni na mpunga hauoti mlimani, na hao kila wingu likipita wanahesabu watoto.

Siwatu alichukua fidia yake, hakununua cherehani, hakununua vitanda. Alinunua kiwanja juu ya mteremko wa kaskazini, pale pale tulipokaa na magodoro. Kabla hajalipa alikwenda kukaa pale mvua tatu nzima, na mwavuli, akitazama. Kisha akajenga tanuri la matofali, kubwa kuliko yote yaliyotangulia. Siku alipomaliza, mkaguzi wa moto akaja kutokana na mazoea, akabandika lakiri. Hakuna hati, hakuna moto.

"Nikatiwe hati basi," Siwatu akasema.

Sekiete alitumwa. Alipanda kwa miguu, maana Shirika halikuwa limepata gari lingine. Akakaa juu ya tofali, akafungua Jedwali Jipya, akafunua, akafunua tena.

"Dada, huu mteremko haumo."

"Haumo vipi?"

"Ukurasa upo, lakini mweupe. Hapakuwahi kuishi mtu, kwa hiyo hawakuuweka kwenye mashine zao. Wameandika tu: 'karani wa eneo ajaze.'" Akaweka kidole kwenye ukurasa mweupe. "Karani wa eneo ni mimi."

"Jaza."

"Nijaze nini? Mimi sijui lolote kuhusu mteremko. Mimi najua kusoma kilichojazwa."

Siwatu alifuta mikono kwenye aproni. Watoto wake wanne walikuwa wamekaa juu ya kuni, safu moja, wakimtazama huyu mtu ambaye alikuwa amekaa kati yao na mkate.

"Vua viatu," akasema.

"Samahani?"

"Vua viatu, kaka, na soksi. Kunja suruali. Umekatia watu bima miaka kumi na tisa, hujawahi kukanyaga walipo. Leo utakanyaga."

Wakashuka wote wawili, Siwatu mbele. Akamwonyesha mfereji ambao maji ya mlimani hupitia, na jinsi unavyopinda mbali na tanuri. Akamwonyesha mahali ambapo watu wa hoteli walikata miti ili waione mandhari, na udongo wa pale ulivyoanza kupasuka. "Hapo nisingejenga hata banda la kuku. Andika." Akaandika. Akamwonyesha majani aliyopanda kushika ukingo, na jiwe ambalo halikusogea katika mvua zote tatu. Akamwonyesha mahali ambapo, mvua ikizidi, tope litakuja siku moja, na handaki alilochimba kulipokea. Sekiete aliuliza maswali, mwanzoni ya kijinga, baadaye mazuri. Akapima handaki kwa hatua zake. Akalipiga teke lile jiwe, akaumia, akaridhika.

"Na pale chini kidogo, penye utelezi," Siwatu akasema, "pana maji yanayotoka ardhini. Usipite."

Alikuwa ameshapita. Bwana Sekiete alikwenda mita kumi kwa makalio, daftari juu ya kichwa, kimya, kwa adabu zote, mpaka handaki likampokea. Watoto juu ya kuni walisimama kuona vizuri. Chausiku alishika mdomo kwa mikono miwili.

Siwatu akachungulia ndani ya handaki. "Umevunjika?"

"Hapana, dada."

"Basi iandike na hiyo."

Akaiandika, palepale alipokaa, na tope la kidole gumba likabaki kwenye ukurasa. Halafu akafikiri sana, akakadiria ada. Haikuwa ya kuku, wala ya mikate miwili. Ilikuwa kubwa. Siwatu akaisoma, akainua uso kuutazama mlima, akaushusha kuutazama mfereji, akavuta pumzi.

"Ni ghali," akasema. "Lakini ni kweli. Nipe kalamu."

Saa sita mchana moto ulikuwa umewaka, na Sekiete, aliyekuwa amefungwa khanga ya Chausiku wakati suruali inakauka, alipewa mkate wa kwanza. Ulikuwa umeiva pande zote mbili.